Jinsi ya kutumia dawa za kipandauso ulizoandikiwa na daktari bila kujidhuru

Katika farmasi ninakofanya kazi hapa Lubumbashi, upande wa Katuba, hakuna juma linalopita bila mtu kuegemea kaunta, mkono mmoja kichwani na mwingine umeshika ordonansi, yaani karatasi ya dawa aliyoandika daktari, akiuliza yaleyale aliyouliza mwenzake wa jana. Ninywe sasa au ningoje maumivu yazidi? Nikitapika, nirudie? Hii ya kila siku, naweza kuiongeza siku kichwa kinaponishika? Dada yangu naye huumwa hivihivi, nimgawie? Nimeyapanga majibu hapa ili uyaweke karibu na dawa zako. Yanamhusu mtu mzima aliyekwisha kupimwa na kuambiwa kwamba ana kipandauso, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita migrene, na ambaye tayari ameandikiwa dawa. Hayamhusu mtoto, na pale yanapotofautiana na maagizo ya daktari aliyekuona, mfuate daktari wako.

Kwanza hakikisha ni kichwa chako cha kawaida

Mwenye kipandauso huzijua tabia za kichwa chake: aghalabu upande mmoja unapwita, mwanga na kelele vinaudhi, kichefuchefu kinafuata, na hali hiyo isipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Ukiona kwamba safari hii mambo yamekwenda vingine, usifungue boksi la dawa. Nenda hospitali, iwe Sendwe, Kliniki za Chuo Kikuu au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Usisubiri hata kidogo ikiwa maumivu yamelipuka ghafla na kufikia kilele papo hapo, ikiwa mkono au mguu umelegea, mdomo umepinda au maneno hayatoki, ikiwa umechanganyikiwa, au ikiwa yameanza baada ya kugonga kichwa. Mama mwenye mimba iliyopita wiki 20, au aliyejifungua majuzi, akiumwa kichwa kikali lazima apimwe shinikizo la damu siku hiyohiyo. Naye aliyevuka miaka 50 bila kuumwa namna hii, kisha kikaanza sasa, anahitaji uchunguzi kabla ya kidonge chochote.

Huku kwetu kila kichwa kinachouma huitwa malaria mpaka ithibitike vingine, na kinyume chake hutokea pia: mwenye kipandauso hukizoea kichwa chake hata akaidharau malaria ya kweli. Kipandauso hakileti homa. Mwili ukiwa wa moto, fanya kipimo cha malaria kwanza. Na homa ikiandamana na shingo ngumu isiyoinama, hiyo ni safari ya hospitali usiku uleule.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ordonansi yenyewe, na uhakika kwamba umeisoma. Mwandiko ukikushinda, mwombe mfamasia akusomee kwa sauti, kisha urudie wewe.
- Dawa zikiwa ndani ya boksi lake, pamoja na karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani.
- Daftari dogo na kalamu. Watu hulidharau, lakini baada ya dawa yenyewe hakuna kitu kinachokulinda kuliko hilo.
- Orodha ya kila unachomeza: dawa za tansio (shinikizo la damu), za kisukari, za virusi vya UKIMWI, za kifua kikuu, vidonge vya kupanga uzazi, na mizizi ya mganga pia.
- Kipimo cha shinikizo la damu cha karibuni, kimeandikwa. Farmasi nyingi hupima kwa dakika chache.

Hatua

1. Tenganisha dawa ya kutuliza na dawa ya kuzuia.

Nusu ya maswali yote hutoka hapa. Dawa ya kutuliza humezwa siku ya shambulio tu: parasetamoli, ibuprofeni, aspirini, na ile ya kipandauso hasa, yaani sumatriptani na ndugu zake wa jamii ya triptani. Dawa ya kuzuia humezwa kila siku, kichwa kiume kisiume: propranololi, amitriptilini, topiramati na nyingine. Dawa ya kuzuia ni kama kuziba paa kabla ya mvua za Novemba. Ukingoja maji yaanze kudondoka ndipo umeze, haitakusaidia kitu siku hiyo. Chukua kalamu sasa hivi, andika juu ya kila boksi kwa herufi kubwa: SHAMBULIO au KILA SIKU. Ziweke mahali pawili tofauti, kwa sababu umeme ukikatika na wewe kichwa kinakupasuka, utapapasa gizani na kuchukua chochote mkono utakachogusa.

2. Mweleze daktari na mfamasia mambo ambayo hawakukuuliza.

Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote, na ninaomba usiiruke. Triptani hubana mishipa ya damu. Kwa hiyo haimfai mtu aliyewahi kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo au kiharusi, wala mwenye tansio isiyodhibitiwa. Propranololi haimfai mwenye pumu, kwa kuwa inaweza kumbana pumzi vibaya. Ibuprofeni na aspirini haziwafai wenye vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo.

Kisha kuna dawa zinazogombana. Ergotamini, dawa ya zamani ya kipandauso ambayo bado huonekana ikiuzwa, ni hatari kubwa kwa anayetumia dawa za UKIMWI zenye ritonaviri, na pia kwa anayemeza antibiotiki kama eritromisini au klaritromisini: ergotamini hurundikana mwilini, mishipa ya vidole hufunga, na watu wamepoteza vidole kwa namna hiyo. Ergotamini na triptani pia hazikutani ndani ya saa 24. Anayetibiwa kifua kikuu sugu kwa linezolidi asiguse sumatriptani. Anayetumia dawa za sonona aseme hivyo kabla ya kupewa triptani, naye aliyeandikiwa rizatriptani huku akimeza propranololi amkumbushe daktari, kwa sababu kipimo chake hupunguzwa kutoka 10 mg hadi 5 mg.

Kwa akina mama na akina dada kuna mambo mawili. La kwanza ni mimba: valproati na topiramati humdhuru mtoto tumboni, hivyo mwanamke anayeweza kushika mimba asipewe dawa hizo kwa ajili ya kipandauso bila mazungumzo ya kina kuhusu njia ya uzazi wa mpango, ibuprofeni nayo iepukwe kuanzia wiki ya 20 ya mimba. La pili ni vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni. Ikiwa maumivu yako hutanguliwa na miale machoni, mistari inayochezacheza au ganzi inayopanda mkononi, dalili ambazo madaktari huziita aura, vidonge hivyo huongeza hatari ya kiharusi na havikufai. Omba njia isiyo na estrojeni. Kipandikizi cha mkononi ni mojawapo.

3. Kagua dawa kabla ya kulipa.

Angalia jina la dawa lenyewe, lile la herufi ndogo chini ya jina la biashara. Doliprane, Efferalgan na Panadol ni parasetamoli zote tatu, na mtu anaweza kumeza za aina mbili kwa pamoja akidhani ni dawa tofauti. Boksi zinazotoka Zambia kupitia Kasumbalesa huandikwa Kiingereza na nyingine huja kwa Kifaransa. Ukiona lugha imebadilika, usidhani dawa imebadilika, wala usidhani ni ileile. Linganisha jina na idadi ya miligramu. Sumatriptani ipo ya 50 mg na ya 100 mg, na ukubwa wa kidonge haukuambii ni ipi.

Tafuta tarehe ya mwisho baada ya herufi EXP. Ukinunua vidonge vichache badala ya boksi zima, jambo ambalo ni la kawaida hali ya mfuko ikibana, mwombe muuzaji akate karatasi ya vidonge ili kipande chenye tarehe kiwe chako. Au, ikiwa kipande chenye tarehe lazima kibaki kwake, akuandikie jina, miligramu, tarehe na namba ya toleo kwenye bahasha. Kidonge kilichotolewa ndani ya ganda lake na kufungwa katika karatasi ya daftari ukikatae. Zikatae pia dawa zinazopangwa mezani sokoni, jua likizipiga asubuhi hadi jioni, hata kama bei yake ni nusu.

4. Siku ya shambulio, meza mapema na umeze kipimo kamili.

Watu wengi huvumilia. Wanangoja mpaka wameanza kutapika, ndipo wanameza nusu kidonge ili kubakiza. Huo ni ubahili wa hasara: shambulio likishika kasi, tumbo hupunguza mwendo, dawa hukaa humo bila kufyonzwa, na kidonge ulichokibania kinapotea bure. Meza mara tu unapotambua kwamba ni maumivu ya kipandauso yanayoanza, pamoja na glasi nzima ya maji. Wenye aura wasimeze triptani wakati wa miale; wangoje maumivu yenyewe yaanze.

Parasetamoli kwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi ni 1 g kwa mara moja, isizidi 4 g ndani ya saa 24. Mwembamba zaidi, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe kila siku apewe kiwango kidogo na daktari. Ibuprofeni mara nyingi ni 400 mg, baada ya kula kitu. Sumatriptani huwa ni 50 mg, au 100 mg ikiwa ndivyo ulivyoandikiwa. Usichague mwenyewe kipimo cha juu zaidi kwa kuwa leo kichwa ni kikali.

Ukishameza, lala mahali penye giza na utulivu ukiweza. Dereva wa lori la Kolwezi au mwendesha pikipiki ambaye dawa inamlevya asiendelee na safari.

5. Subiri saa 2 kabla ya kufikiria kidonge cha pili cha sumatriptani.

Ikiwa sumatriptani ilituliza maumivu kisha yakarudi, unaweza kumeza tena, mradi angalau saa 2 zimepita na jumla haizidi kiwango cha daktari. Kwa watu wazima wengi ni 200 mg ndani ya saa 24. Ikiwa haikusaidia kabisa, usirudie kwa shambulio lilelile. Tumia dawa ya akiba aliyokuandikia daktari, ambayo aghalabu ni ibuprofeni au parasetamoli, na uandike kwamba ilishindwa.

6. Andika siku katika daftari.

Mistari michache inatosha: tarehe, ulimeza nini, kiasi gani, ulipata nafuu baada ya muda gani. Wanawake waongeze alama ya siku za hedhi. Mwisho wa mwezi hesabu siku ulizomeza dawa ya kutuliza. Hesabu siku, si vidonge. Triptani, ergotamini, dawa zenye kodeini au tramadoli, na vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa kadhaa visifike siku 10 kwa mwezi. Parasetamoli pekee, ibuprofeni au aspirini zisifike siku 15. Ukivuka hapo kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe inaweza kuanza kukuumiza kichwa: unaamka nacho kila asubuhi, unameza, kinatulia kidogo, kinarudi. Wapo wateja ninaowaona kila siku mbili kwa vidonge vya kichwa, na kila mmoja anaamini kwamba ugonjwa wake umekuwa mkali. Mara nyingi kilichozidi ni dawa.

7. Dawa ya kuzuia: kila siku, kwa subira, na usiikatishe ghafla.

Huanza kwa kipimo kidogo na kupandishwa polepole. Amitriptilini, kwa mfano, huanzia 10 mg au 25 mg usiku; humkausha mtu mdomo na kumletea usingizi, hivyo asubuhi za kwanza usiendeshe chombo. Topiramati huleta ganzi ya vidole na inaweza kuleta mawe ya figo, basi kunywa maji mengi, hasa katika joto la Oktoba. Propranololi hupunguza mapigo ya moyo. Ukiikata siku moja baada ya kuitumia kwa muda mrefu, moyo unaweza kuruka vibaya, kwa hiyo hupunguzwa hatua kwa hatua.

Usihukumu dawa hizi kabla ya miezi 2 au 3. Zinapofanya kazi, mara nyingi hazifuti mashambulio yote, bali huyapunguza kwa nusu hivi, na bila daftari hutajua kama yamepungua.

8. Hifadhi vizuri.

Weka chini ya 30 °C, mahali pakavu, mbali na watoto. Chini ya bati mchana wa Oktoba chumba hupita kiwango hicho kwa urahisi. Kopo la chuma lenye kifuniko, likiwekwa sakafuni pembeni penye kivuli, linatosha. Usiweke juu ya kabati, ambako joto lote hupanda, wala ndani ya gari.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kumgawia ndugu. Kidonge kilichokusaidia wewe kinaweza kumwua mama mkwe mwenye moyo mbovu, na hakuna adabu inayokulazimisha kumpa. Mwambie shikamoo, msindikize kituoni.

Kuomba sindano. Watu huamini kwamba kinachopitia kwenye sindano kina nguvu kuliko kidonge. Ziko sindano halali za shambulio kali, lakini hudungwa kituoni na mtu anayejua ni dawa gani imo ndani na wewe ulimeza nini kabla.

Tramadoli. Inapatikana kirahisi mno, na ni chaguo baya kwa kipandauso: huleta uraibu, inaweza kuleta kifafa, na ikichanganywa na amitriptilini hatari huongezeka. Ongeza lutuku, pombe kali ya kienyeji, juu yake na pumzi inaweza kukatika usingizini. Mtu akikupa tramadoli mtaani kwa ajili ya kichwa, mrudishie.

Mambo yakienda mrama

*Nimetapika baada ya kumeza.* Ikiwa umekiona kidonge cha parasetamoli au ibuprofeni kimetoka kizima dakika chache baada ya kukimeza, unaweza kurudia mara moja. Kwa triptani, usirudie kabla ya saa 2, wala usivuke kiwango cha siku. Hali hii ikizoeleka, mwombe daktari dawa ya kuzuia kutapika ya kutangulia.

*Nilimeza metoklopramidi (dawa ya kuzuia kutapika), sasa shingo inapinda na macho yanapanda juu.* Hali hii huwapata zaidi vijana, na inatisha sana. Familia nyingine huanza kuita mchungaji au kumtafuta aliyeroga. Ni athari inayojulikana ya dawa hiyo. Mpelekeni hospitali mara moja, ambako ipo dawa ya kuiondoa kwa muda mfupi, kisha muandike kwenye daftari lake kwamba asipewe tena. Hata kwa asiyepata shida hiyo, metoklopramidi haizidi 30 mg kwa siku wala siku 5 mfululizo.

*Baada ya sumatriptani nasikia kifua au shingo kubana.* Mbano mwepesi, joto au michomo kwenye ngozi hutokea na hupita haraka. Mwambie daktari hata hivyo. Lakini maumivu mazito ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, pamoja na jasho au pumzi fupi, ni ya dharura, na dawa hiyo usiiguse tena mpaka upimwe moyo.

*Dawa imeshindwa kabisa.* Angalia daftari kwanza: ulimeza mapema? Kipimo kilikuwa kamili? Ikiwa triptani imeshindwa katika mashambulio matatu tofauti ingawa ulifanya yote sawasawa, rudi kwa daktari. Ziko triptani nyingine, na mwili unaweza kukataa moja ukakubali nyingine. Maumivu yakipita saa 72, usiendelee kujitibu nyumbani.

*Nimegundua kwamba ninameza karibu kila siku.* Parasetamoli, ibuprofeni na triptani kwa kawaida unaweza kuziacha mara moja, ukijua kwamba siku za kwanza, pengine hadi siku 10, kichwa kitauma zaidi kabla ya kupungua. Panga juma ambalo huna msiba, harusi wala mtihani, na mwambie daktari ili akuandikie dawa ya kuzuia wakati huohuo. Kodeini na tramadoli usizikate peke yako. Hupunguzwa chini ya uangalizi.

*Nilisahau dawa ya kila siku.* Meza ukikumbuka. Ikiwa saa ya dozi inayofuata imekaribia, iache iliyopita. Usimeze mbili pamoja.

*Dawa ya kuzuia inaisha na daktari yuko mbali.* Anza kuhangaika vikiwa vimebaki vidonge vya juma moja, hasa kama unasafiri kwenda Kolwezi au kijijini. Njoo farmasi na ordonansi ya zamani pamoja na boksi tupu. Mwenye boksi tunaweza kumsomea jina na miligramu, tukampigia simu daktari wake. Anayesema tu kwamba ilikuwa nyeupe na ya duara hatuwezi kumpa chochote.